Kompyuta Mbili kwa Jina Moja

Vijana wangu wa chumba cha seva, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Saa, kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi! Asanteni hata hivyo. Imening'inia sebuleni kwangu hapa Funyula, na kila nikiitazama inaniambia sina kazi. Mliniomba pia niwaandikie niliyoyapitia kazini, mpate kujifunza. Nikacheka, nikakubali. Sasa naandika, lakini si yale mliyoyatarajia. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Nitawaeleza jinsi kompyuta inavyopata jina lake ikiwashwa, na jinsi mstari mmoja niliouacha kwenye orodha ulivyosababisha mama mmoja afe, na dada wa maabara aitwaye Imoit afukuzwe kazi kwa kosa langu. Hospitali yenyewe sitaitaja. Ninyi mnaijua.

Siku yangu ya kwanza niliingia na bisibisi moja na shati lililopigwa pasi mpaka likawa gumu kama kadibodi. Hospitali ilikuwa na kompyuta sita, na hakuna aliyejua mtu wa kompyuta akae wapi. Matroni akanipeleka kwa Mzee Ekirapa, fundi wa umeme, akasema vitu vyote hivi si vinaingia kwenye soketi? Basi nikawa mtu wa Mzee Ekirapa. Alikuwa Mteso wa Malaba, mfupi, mkali, haongei mpaka amalize chai. Mfukoni alikuwa na koleo lenye mikono myekundu, na sikumbuki kumwona bila hilo koleo hata Jumapili.

Somo lake la kwanza lilinikera. Birika la umeme la wodi ya watoto lilikuwa limeungua. Mzee alilipima, akatikisa kichwa, kisha akaukata waya wake pale pale unapoingilia birikani. Kacha!

"Mzee, mbona unaharibu? Waya bado mzima huo."

"Birika limekufa," akasema. "Nisipolizika hivi, kesho kuna mtu atalitoa stoo alichomeke. Sasa mzoga utakuwa wa mtu."

Alifanya hivyo kwa kila kitu. Ukiingia stoo yetu ungekuta pasi, feni, jokofu la chanjo, vyote vimekatwa mikia. Mimi nilikuwa nimetoka chuo juzi, nikaona ni ushamba. Waya mzuri unatupwa! Nilikuwa nasubiri ageuke, halafu naokota zile nyaya naficha kwenye droo yangu.

Siku hizo majina na namba za kompyuta tuliziandika kwa mkono. Unazunguka chumba hadi chumba, unakaa mbele ya kila mashine, unaiambia wewe ni nani na namba yako ni ipi. Ukikosea, mashine mbili zinapata namba moja na hapo ndipo vituko vinaanza. Mwaka wangu wa pili niliipa mochari namba ya duka la dawa. Mama mmoja kutoka Nambale alikuwa dirishani akingoja dawa ya kikohozi, akakabidhiwa karatasi iliyotoka kwenye printa. Akaisoma polepole. Kilikuwa kibali cha kuchukua maiti.

"Boss," akaniambia, "mimi bado niko hai."

Tulicheka wiki nzima. Mzee Ekirapa peke yake hakucheka. Aliniuliza kama nimeandika mahali fulani kilichosababisha, ili kisirudi. Sikuwa nimeandika.

Baadaye seva ilikuja, na ile kazi ya kuzunguka ikaisha. Ninyi mmeikuta tayari, kwa hiyo hamjui raha tuliyoipata. Kompyuta ikiwashwa haijui lolote kuhusu nafsi yake. Inaita kwenye kebo: jamani, namba iliyochapwa kwenye kadi yangu ya mtandao ni hii, mimi ni nani? Seva inapekua orodha, inaona kadi hiyo, inaijibu: wewe ni Wodi ya Tatu, namba yako ni hii, kaa hapo. Ni sekunde chache tu. Kwetu Samia mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, akina nyanya humtajia majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine. Likitajwa lile analolitaka, ananyamaza, na linakuwa lake. Mimi nilipoona seva ikifanya kazi mara ya kwanza nilifikiria nyanya yangu. Nikamwambia Mzee Ekirapa, naye akasema nyanya yangu angalau alihakikisha mwenye jina ameshazikwa.

Imoit alikuja wakati huo. Alitoka Malaba pia, mrefu, sauti nzito, mtaalamu wa maabara kwelikweli. Nilikuwa nikienda kupimwa malaria ananiuliza jina langu kana kwamba hatujawahi kuonana.

"Imoit, si unanijua?"

"Jina lako lote, mzee Ouma. Sema lote."

Kisha analisoma kwenye fomu kwa sauti, analisoma tena kwenye kichupa kwa sauti, ndipo anagusa damu. Hakuwahi kuruka hatua hiyo, hata kwa watoto wake mwenyewe. Wauguzi walimtania kwamba hata nyumbani anasoma jina la mume kwanza kabla ya kumpakulia.

Sasa mjue hili, maana ndilo lililoua. Zamani daktari akihitaji damu ya mgonjwa, muuguzi alikimbia na fomu mkononi kutoka chumba cha upasuaji mpaka maabara. Anafika akihema, anaiweka fomu mbele ya mtu, mtu anaipokea. Mimi ndiye niliyemwendea matroni nikamwambia huo ni upotevu wa miguu. Fomu ijazwe kwenye kompyuta, itumwe kwa ile inayoitwa Maabara, kengele ilie, printa itoe. Kwenye skrini ya aliyetuma itaandikwa: Imepokelewa, Maabara. Kila mtu alifurahi. Mbio zikakoma. Kengele ikawa inalia kule kwa Imoit mchana kutwa, naye akawa ananiambia siku moja ataitupa dirishani.

Radi za Busia mnazijua. Alasiri moja ilipiga mti nyuma ya jikoni, na kompyuta ya Maabara ikazimika na moshi kidogo. Nikaleta mpya. Mpya ina kadi yake, namba nyingine, kwa hiyo nilifungua orodha ya seva nikaongeza mstari: kadi hii nayo ni Maabara, namba ile ile. Ule mstari wa zamani nikauacha.

Kwa nini niliuacha? Nimejiuliza miaka minane. Niliona ni akili. Nilisema ile ya zamani nikiitengeneza nitaiweka kama akiba; mpya ikifa, nachomeka kongwe, seva inaitambua, kazi inaendelea bila hata kugusa orodha. Mradi mmoja tu awe macho, hakuna shida. Kweli, baadaye nilitoa kifaa cha umeme kwenye mashine nyingine nikakifunga kwenye ile kongwe, ikawaka vizuri. Nikaizima, nikaipeleka stoo ya mashuka kwa sababu stoo yetu ilikuwa imejaa. Mzee Ekirapa alinikuta nikiibeba. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu.

"Hiyo si ndiyo iliyokufa na radi?"

"Imefufuka, mzee. Ni akiba."

"Na jina lake si ulimpa mwingine?"

"Wote wana jina moja. Hawatawashwa pamoja."

Akanyoosha lile koleo jekundu, akaliweka juu ya mashine nikiwa nimeishika, akaenda zake. Nililibeba koleo pamoja na kompyuta mpaka stoo. Nikaweka kompyuta kwenye rafu, waya wake nimeuviringisha vizuri juu, koleo nikalitia mfukoni. Sikulitumia.

Siku yenyewe nilikuwa Malaba asubuhi, kwenye kliniki yetu ndogo ya kule, nimelala chali chini ya meza nikifuata kebo iliyotafunwa na panya. Simu ikaita. Nikaitoa, nikaona ni Imoit. Nikasema huyu na kengele yake, nitampigia nikimaliza. Ikaita tena. Nikaiacha tena.

Hospitalini, mama Adhiambo wa stoo ya mashuka alikuwa amechoka kuandika orodha ya mashuka kwa mkono. Akaona kompyuta imekaa bure kwenye rafu, akaishusha, akaichomeka, akachomeka na kebo ya mtandao iliyokuwa ukutani kwa sababu aliona kompyuta zote zinayo. Akawasha. Kongwe ikaamka ikauliza: mimi ni nani? Seva ikaangalia mstari wangu ikamwambia: wewe ni Maabara.

Kule maabara, kwenye kona ya skrini ya Imoit, yakatokea maandishi kwamba kuna mwingine anatumia namba yake, kisha yakapotea. Ndipo alipokuwa akinipigia.

Katika chumba cha upasuaji alikuwemo mama aliyeitwa Nabwire, mkulima wa Bukhayo, amejifungua mtoto wa kike salama, lakini damu haikukoma. Fomu ya kuomba damu ikatumwa. Skrini ikaandika: Imepokelewa, Maabara. Wakangoja, kwa sababu kulinganisha damu huchukua muda na kila mtu alijua Imoit hachezi. Wakatuma ya pili, wakaandika haraka. Imepokelewa. Wakatuma ya tatu.

Zote tatu zililia stoo ya mashuka, kwa sababu namba ikigombaniwa mtandao humfuata aliyeamka mwisho. Mama Adhiambo aliniambia baadaye, bila kujua anachoniambia, kwamba ile mashine ilikuwa na kelele za ajabu, ting, ting, akadhani ni ugonjwa wake wa zamani. Akatafuta pa kupunguza sauti, akapunguza. Akaendelea na mashuka.

Mwishowe muuguzi mmoja alitoka mbio kwa miguu yake, kama zamani. Imoit alimwambia hajaona fomu yoyote, na papo hapo akaanza kazi. Wanasema alipima damu ile mbio mbio na bado alisoma jina mara mbili. Damu ilifika. Nabwire alikuwa ameshakata roho.

Nilirudi saa saba mchana nikakuta watu wa Bukhayo wamejaa uani wanalia. Matroni akaniambia kilichotokea. Nilikwenda moja kwa moja kwenye seva, nikafungua kumbukumbu za asubuhi, na pale pale nikaona: kadi mbili, jina moja, namba moja. Nilichapisha ukurasa ule. Kisha nikaenda stoo ya mashuka. Mama Adhiambo alikuwa amekwenda kula. Nikachomoa kompyuta, nikatoa koleo la Mzee Ekirapa, nikakata waya wake pale unapoingilia. Nikarudi kwenye seva nikafuta ule mstari. Kila kitu kikawa safi. Haikunichukua hata dakika kumi, jamani, kazi ambayo sikuifanya miezi yote ile.

Kamati ya kuchunguza kifo hicho ilikaa siku ya tatu ofisini kwa matroni. Imoit alisimama mbele ya meza. Akasema, "Nilikuwa nimekaa mbele ya hiyo mashine asubuhi yote. Haikulia. Iliandika kitu cha namba, kikapotea. Nikampigia mzee Ouma mara mbili. Mwulizeni."

Wakanigeukia. Mwenyekiti akauliza, "Fundi, mtandao ulikuwa na shida?"

Ningesema wakati huo. Ile karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati langu, naisikia ikikwaruza kifua. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na hofu nyingi. Nikasema, "Haukuwa na shida. Niliukagua mwenyewe. Na simu sikuisikia."

Imoit aliniangalia, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Matroni akasoma rekodi: fomu tatu, zote zimepokelewa na Maabara. Imoit akafukuzwa kwa uzembe. Wiki hiyo hiyo tulimfanyia Mzee Ekirapa sherehe ya kustaafu. Alinishika mkono muda mrefu, akaniuliza, "Koleo langu lilikusaidia?" Nikamwambia lilinisaidia. Alikufa mwaka uliofuata, na mpaka leo sijui alijua kiasi gani.

Mimi niliendelea. Nilifanya kazi miaka minane zaidi, na ninyi mlinisifu kwa ukali wangu. Mnakumbuka nilivyowafokea kwa ajili ya orodha ya seva? Kila Ijumaa tuihakiki mstari kwa mstari, kila mashine iliyokufa ifutwe siku hiyo hiyo, waya ukatwe. Mkanibandika jina la Koleo, mlidhani sikusikia. Mlidhani pia ni uangalifu. Ilikuwa woga.

Nilipostaafu nilikaa nyumbani siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikapanda gari nikaenda Malaba. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani, madereva wamekaa kwenye kivuli cha magari yao. Niliuliza Imoit, nikaonyeshwa: anapika maharage na chapati kando ya foleni ya malori. Amekonda. Sauti ni ile ile.

"Mzee Ouma," akasema. "Umepotea. Keti. Unakula?"

Sikuweza kula. Nilimpa karatasi. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, lakini inasomeka. Alifuta mikono kwenye leso, akaisoma, kisha akairudia, kidole kikifuata mistari. Hakuhitaji kuelezwa.

"Uliipata lini hii?"

"Siku ile ile. Saa saba."

"Kabla ya kamati."

"Kabla ya kamati."

Dereva mmoja Mganda akaita, "Mama, chapati mbili!" Akampakulia, akampa, akamwambia chai bado. Akarudi akasimama mbele yangu.

"Mama yangu alikufa akijua mimi niliacha mtu afe," akasema. "Alinizaa, na alikufa akijua hivyo. Hata mimi, mzee Ouma, kuna siku niliamini. Nilisema labda kengele ililia na mimi sikusikia. Miaka minane nimekuwa nikitafuta ile sauti kichwani."

Nikaanza kusema pole. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Hapana. Pole kaa nayo. Wewe andika. Usiniandikie mimi, nishasoma. Waandikie hao vijana wako, weka jina langu lote na jina lako lote. Peleka hospitalini. Halafu uende kwa watu wa Nabwire wewe mwenyewe kwa miguu yako. Usitume mtu, usipige simu. Nilishakupigia simu mimi, sikuona faida yake."

Basi ndiyo haya nimeandika. Anaitwa Imoit Rose Akisa, mtaalamu wa maabara, na hakufanya kosa lolote. Mimi ni Ouma Patrick Wanyama, fundi, na kosa ni langu. Nakala ya kwanza niliiacha kwa matroni mpya pamoja na ile karatasi ya seva. Aliisoma nikiwa nimesimama, akaniambia nitaitwa. Nitaitika.

Nakala ya pili nilikwenda nayo jana Bukhayo. Boda boda iliniacha kwenye njia ya kuingilia boma. Uani alikuwepo mtoto wa kike, wa miaka minane hivi, anapukuchua mahindi kwenye beseni. Nikasema mulembe, kama tunavyosalimiana. Akaitikia, akasimama, akafuta mikono kwenye gauni.

"Unamtafuta nani?"

"Nyanya yako yupo?"

Kabla hajajibu, sauti ya mwanamke mzee ikatoka ndani ya nyumba: "Nabwire! Ni nani huyo?"

Nikashika nguzo ya lango. Desturi ya kumpa mtoto jina la aliyekufa ni yetu sote, ningepaswa kulitarajia. Lakini sikuwahi kulisikia jina hilo likiitwa na mtu kuitika.

"Sijui, nyanya!" mtoto akajibu. Akanigeukia. "Nimwambie wewe ni nani?"

"Mwambie ni Ouma," nikasema. "Ouma fundi wa kompyuta wa hospitali. Mwambie nimekuja kueleza jinsi mama yako alivyokufa."

Aliniangalia kidogo, kisha akaingia ndani. Nikatoa ile nakala mfukoni, nikasimama pale langoni kungoja niitwe.